Ami ana homa wiki ya tano, malaria ametibiwa, taifodi ametibiwa, sasa ni nini?

Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana, nyumba yenye mgonjwa haina usingizi, hilo nalijua. Wacha kwanza nifupishe ulichoniandikia ili mwengine akisoma afuate. Ami yako ana miaka 52, anakaa Likoni, homa ilianza kidogo kidogo na sasa ni wiki ya tano. Alitibiwa malaria mara mbili, akadungwa sindano za taifodi siku saba, hakupata nafuu, akalazwa. Wodini ana siku 12, homa bado inapanda kila ikifika magharibi, usiku jasho mpaka shuka zinarowa, amekonda, mgongo wa chini unamuuma. Eksirei ya kifua safi, makohozi hayana TB, na madaktari wanafikiria kumwanzishia dawa za TB hivyo hivyo. Shangazi anasema ametupiwa kitu, binamu wa Nairobi anasema mleteni huku, na wewe unauliza hii homa isiyojulikana ni homa gani, na je mumhamishe. Halafu mwisho kabisa, kama kitu cha kupitia tu, ukataja kwamba ami ni mfanyabiashara wa mbuzi, hupanda Garissa na Tana River kununua.

Hayo ya mbuzi ndiyo yalonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu, tutayafikia.

Daktari akiandika kwenye faili homa isiyojulikana chanzo, hajataja ugonjwa, amesema bado anatafuta. Kipimo cha kuita hivyo kiliwekwa Marekani mwaka 1961 na madaktari wawili, Robert Petersdorf na Paul Beeson, walofuatilia wagonjwa 100: joto lipite 38.3 mara kadhaa, liendelee zaidi ya wiki tatu, na mtu awe amechunguzwa hospitali wiki nzima bila jibu. Katika wale 100, 36 walikuwa na maambukizi, 19 saratani, waliobaki wakagawanyika kwa magonjwa ya kinga ya mwili na vitu vyengine, na wachache hawakupata jibu. Huku kwetu maambukizi ndiyo yanaongoza, na mbele yao wote ni TB. Lakini kitu kimoja hakijabadilika toka enzi hizo, mara nyingi chanzo huwa ni ugonjwa wa kawaida uliokuja kwa sura isiyo yake, si ugonjwa wa ajabu wa kwenye sinema.

Muda wenyewe unafuta mengi. Dengue na chikungunya hapa Mombasa tumeziona, dengue 2013, chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu walitembea kama wazee mtaani, lakini homa yake huisha ndani ya wiki moja hivi hata kama viungo vitauma miezi. Wiki tano si dengue. Mkiuziwa kipimo chake saa hizi mmepoteza pesa.

Malaria sasa. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta protini ya mdudu, si mdudu mwenyewe, na hiyo protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kwa hivyo mtu anatibiwa vizuri, baada ya wiki mbili bado ana homa ya kitu chengine, anapimwa tena, mistari miwili, anaambiwa malaria imekataa dawa, anauziwa dozi ya pili, na wiki mbili nyengine zimekwenda. Dawa ya siku tatu ikinywewa sawasawa, homa ya malaria kwa kawaida inashuka ndani ya siku mbili tatu. Kama kuna shaka, damu iangaliwe kwa darubini, zaidi ya mara moja, mdudu asipoonekana malaria itoke kwenye mazungumzo.

Na Widal, kile kipimo cha taifodi cha dakika chache, nacho nina ugomvi wa miaka mingi. Kilianza 1896 na mpaka leo ndicho kinachoamua nani ana taifodi kwenye kliniki nyingi za mtaani. Kinapima kingamwili, na kingamwili zinabaki mwilini muda mrefu, zinapanda kwa magonjwa mengine pia, kwa hivyo mtu aliyekulia huku, maji ya kisima, vyakula vya njiani, anaweza kutoa Widal ya juu akiwa mzima kabisa. Widal moja iliyopimwa mara moja haithibitishi kitu. Taifodi inathibitishwa kwa kalcha, yaani damu inaoteshwa maabara, na hata kalcha inawakosa wagonjwa wengi hasa wakiwa wameshaanza antibayotiki. Sisemi ami hakuwa na taifodi, nasema hakuna aliyethibitisha, na mtu aliyepata sindano za taifodi siku saba na wiki tatu baadaye bado yuachemka, kuna sababu ya kutafuta kwengine.

Hasara ya zile sindano si pesa tu. Damu ikitolewa baada ya antibayotiki, bakteria wengi hawaoti, jibu linarudi safi, kumbe wako. Ndo maana kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya, presha iko sawa, anaongea, anakula kidogo, daktari mzuri anaweza kusimamisha antibayotiki zote siku kadhaa halafu atoe kalcha upya. Familia zinakasirika zikiona hivyo, ati mgonjwa ametelekezwa, hata dripu hana. Msikasirike. Ulizeni tu kalcha zimetolewa ngapi na lini. Kwa mtu mzima ziwe mara mbili au tatu, kutoka mishipa tofauti, na kila chupa iingie mililita 8 mpaka 10 za damu, damu kidogo ni kipimo cha kujidanganya.

TB nimesema ndiyo inaongoza, na eksirei safi haimtoi mtu kwenye TB. Inaweza kukaa kwenye tezi za tumboni, kwenye uti wa mgongo, kwenye ini, kwenye uboho wa mifupa, kwenye utando wa moyo, au ikatapakaa mwili mzima kwa punje ndogo ambazo eksirei ya wiki ya kwanza haizioni na ya wiki ya nne inaziona. Kwa hivyo eksirei irudiwe, na ile mashine ya GeneXpert inayotoa jibu kama kwa saa mbili haikubali makohozi peke yake, inakubali usaha, maji ya uti wa mgongo, maji yaliyovutwa kwenye mtoki, yaani tezi iliyovimba. Mtoki wowote shingoni au kwapani uguswe na utolewe kinyama kidogo, usiachwe kwa sababu hauumi.

Hapo hapo kuna kipimo cha virusi vya Ukimwi, na najua kwenye familia zetu kutaja hicho ni kama kumtukana mtu mzima. Lakini homa ya wiki tano bila kipimo cha leo, si cha miaka mitatu iliyopita, haijachunguzwa. Kikitoka na virusi ramani yote inabadilika. Kuna kipimo cha mkojo cha TB kinachosaidia sana hasa kwa waliolazwa, kuna fangasi wa kwenye damu na ubongo anayepimwa kwa tone la damu, na CD4, hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 200 kuna magonjwa ambayo mtu mwengine hayapati. Na kwa aliyeanza ARV karibuni, homa inaweza kuja kwa sababu kinga imeamka na kuanza kupigana na kitu kilichokuwa kimelala. Hayo ni mambo ya ami mwenyewe na daktari wake, si ya kikao cha ukoo, nyinyi ulizeni tu kama amepimwa, msiulize jibu.

Haya, mbuzi. Mtu anayekaa siku kadhaa Garissa na Tana River kwenye masoko ya mifugo, anashika mbuzi, pengine anasaidia mbuzi akizaa njiani, anakaribishwa maziwa ya ngamia au ya mbuzi ambayo hayajachemshwa, yale yaliyochachuka pia, halafu anapata homa ya kupanda na kushuka wiki nyingi, jasho, kukonda na maumivu ya mgongo wa chini, ukinieleza hivyo kitu cha kwanza nitakachosema ni bruselosi. Ni bakteria wa mifugo, wanaingia kwa maziwa mabichi, na kwa damu na kondo la nyuma la mnyama aliyezaa au kuharibu mimba. Hupenda mifupa, hasa kiuno na uti wa mgongo, na kwa wanaume korodani inaweza kuvimba moja, na hilo ami hatamwambia binti wa ndugu yake hata siku moja, kwa hivyo mtume mwanamume wa rika lake akamuulize.

Je faili ya ami inasema ni mfanyabiashara wa mbuzi? Nina shaka. Kwenye fomu huandikwa biashara, basi. Daktari anaona mtu wa Likoni, anafikiria magonjwa ya Likoni. Hata wewe uliniandikia mbuzi kwenye sentensi ya mwisho. Kesho kabla ya raundi andikeni karatasi moja: amesafiri wapi miezi sita iliyopita, ameshika wanyama gani, amekunywa nini, dawa zote alizokunywa na tarehe zake pamoja na za miti shamba, homa ilianza siku gani na ilianzaje. Mpeni daktari mkononi.

Na msikubali kile kipimo cha bruselosi cha kwenye kigae peke yake, kile cha antijeni za homa kinachouzwa pamoja na Widal, kinatoa ndiyo nyingi za uongo kiasi kwamba huku kwetu kuna watu wametibiwa bruselosi ambayo hawakuwa nayo. Jibu lithibitishwe kwa vipimo vyengine vya damu vinavyopima kiwango cha kingamwili, na kwa kalcha. Maabara lazima iambiwe mapema kwamba tunashuku bruselosi, manake chupa zinahitaji kukaa, na pia wafanyakazi wa maabara wenyewe wanaweza kuambukizwa kwa kuvuta hewa wakizifungua bila kinga.

Sasa ona kwa nini naharakisha hili. Wanataka kumwanzishia dawa za TB. Moja katika hizo dawa ni rifampisini, na rifampisini hutumika pia kwa bruselosi, pamoja na doksisiklini kwa wiki sita. Ami akianza dawa za TB na ilikuwa bruselosi, homa inaweza kushuka, kila mtu atashangilia TB imepatikana, halafu ugonjwa urudi baadaye kwa sababu umetibiwa nusu, na picha ya uti wa mgongo ya bruselosi inaweza kufanana na ya TB mpaka mtaalamu akakosea. Sisemi madaktari wasianze. Mgonjwa akidhoofika, TB ikishukiwa sana, kuanza bila ushahidi kamili kunaokoa maisha na mimi mwenyewe naanza. Nasema damu ya bruselosi, kalcha na vipimo vyote vya TB vinavyowezekana vitolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja. Na ikiwa mgongo unauma hivyo, apigwe picha ya mgongo, ikiwezekana MRI, ambayo inaonyesha mapema kuliko eksirei.

Safari hizo zinaleta na kalazaa, ingawa kwa ami naiweka chini zaidi. Inaletwa na usubi wanaokaa kwenye vichuguu vya mchwa, na Kenya iko Turkana, West Pokot, Baringo, Marsabit, Wajir. Ishara yake wengu linakuwa kubwa sana tumboni, damu inapungua, chembe nyeupe nazo zinashuka. Kuna kipimo cha haraka cha kidole. Isipotibiwa inaua, na mtu wa Pwani aliyerudi safari anaweza kukaa nayo miezi hakuna aliyeifikiria. Kama ultrasaundi itaonyesha wengu kubwa muulizeni daktari.

Hiyo ultrasaundi ya tumbo sijaiona kwenye maelezo yako, na ni kipimo rahisi cha kwanza kabisa. Jipu la ini la amiba ni ugonjwa wa wanaume watu wazima zaidi, linaweza kuja bila kuharisha hata siku moja, homa, jasho, uzito chini ya mbavu za kulia, wakati mwengine bega la kulia linauma na watu wanamkanda bega. Ultrasaundi inaliona, na dawa yake ni metronidazoli ambayo kila hospitali inayo, baadaye dawa ya kusafisha utumbo. Jipu kwenye figo au ndani ya nyonga pia linajificha hivyo hivyo.

Moyo nao usikilizwe kila siku, si siku ya kulazwa tu. Bakteria wakikaa kwenye vali za moyo, hasa kwa mtu ambaye utotoni moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi au ana meno mabovu, homa inakuwa ya chini chini wiki nyingi. Kalcha tatu na picha ya moyo ndizo zinazoamua.

Halafu kuna zisizo za vijidudu. Limfoma, saratani ya tezi, inaweza kuja na homa, jasho la usiku na kukonda, sawasawa na TB, na njia ya kuitofautisha ni kinyama, hakuna njia ya mkato. Ndo maana wakisema wanataka kutoa uboho au kukata mtoki msikatae ati mtoto wa watu anakatwakatwa. Kuna lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ambayo huwashika zaidi wanawake wenye umri wa kuzaa. Ugonjwa wa Still wa watu wazima, homa inayopanda mara moja mbili kwa siku na vipele vya rangi ya pinki vinavyotoka homa ikipanda na kupotea ikishuka, na feritini kwenye damu inaruka juu sana. Kwa umri wa ami na hadithi yake haya siyaweki mbele, lakini vipimo vya mwanzo vikitoka bila jibu ndipo zamu yake.

Na homa nyengine tunawapa sisi wenyewe hospitalini. Mtu amelazwa siku 12, ana kanula ya dripu mkononi, mshipa umevimba, unaota usaha, ama ana mpira wa mkojo, ama damu imeganda mguuni kwa kulala tu. Muangalieni ile kanula kila siku, ikiwa nyekundu au inauma itolewe. Dawa pia, antibayotiki zenyewe, dawa za kifafa, dawa za salfa, zinaweza kuleta homa, na mgonjwa wa aina hiyo mara nyingi anaonekana ana nguvu kuliko joto lake linavyosema. Dawa ikisimamishwa homa huisha baada ya siku mbili tatu hivi. Nimeona mtu akiongezewa dawa ya nne kutibu homa iliyoletwa na ya pili.

Kitu kimoja mkikatae kama hakuna sababu nzuri, steroidi. Prednisoloni au deksamethasoni inashusha homa ya karibu kila kitu, mgonjwa anakaa kitandani anaomba chai, na chini kwa chini TB inaenea na limfoma inajificha mpaka kinyama kisiweze kusomeka. Kuna hali zinazoihitaji haraka, na daktari atakuelezeni sababu. Lakini sindano ya kupoza tu, hapana. Na antibayotiki za sipro na levofloksasini nazo, zinaigusa TB na kuchelewesha jibu.

Kuhusu shangazi, someni dua, wekeni Qurani, hakuna daktari wa hapa atakayewazuia. Dawa za kunywa za mganga ndizo siziafiki, si kwa kiburi, ni kwa sababu ini la ami litakuwa na kazi ya kutosha na dawa za TB au za bruselosi.

Kumhamisha sasa. Nairobi ina vitu ambavyo huku havipatikani kirahisi, mfano ile skani ya PET inayowaka pale penye uvimbe mwili mzima, na kwa homa ya hivi inasaidia kweli. Lakini ni hatua ya baadaye. Kwa sasa ami hajamaliza hata vya Mombasa: kalcha zilizotolewa sawasawa, ultrasaundi, kipimo cha virusi, bruselosi ya kuthibitishwa, eksirei ya kurudia, picha ya mgongo. Hivi vyote vinafanyika hapa hapa mjini, hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani au maabara za binafsi, na mkimpeleka Nairobi au India kama wengi wetu tunavyokimbilia, wiki ya kwanza wataanza na hivyo hivyo, nyinyi mkilipa hoteli. Msiuze shamba bado. Vikitoka vyote safi na homa iko pale pale, hapo ombeni barua ya rufaa, muende na nakala ya kila jibu na filamu zenyewe, si maneno ya mdomo.

Na ikiwa hata huko hakuna jibu? Inatokea. Kwenye baadhi ya ripoti za Ulaya mpaka nusu ya wagonjwa hawa hawapati jina la ugonjwa, na wengi wao homa hujiishia yenyewe baada ya wiki au miezi. Mtu aliyepimwa kila kitu, uzito hauendelei kushuka, anakula, anaweza kurudi nyumbani akafuatiliwa kliniki. Ami bado hayuko huko, anakonda.

Ombeni na ile chati ya joto iliyo miguuni mwa kitanda mupige picha kila siku, manake kiganja kwenye paji la uso si themomita, na Panadol ya saa kumi jioni inaweza kuficha homa ya magharibi. Na huo mgongo, ukianza kumletea ganzi miguuni, miguu ikawa dhaifu, au mkojo ukamkatalia ama ukamtoka bila kujua, msingoje raundi ya asubuhi, mwiteni nesi saa hiyo hiyo hata ikiwa saa nane usiku. Kadhalika akianza kuchanganyikiwa maneno, shingo ikikakamaa, au akishindwa kupumua.